Kifua Kinachopona Hakitaki Siri

Mwanaume anayefikia uamuzi wa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti huwa amekwisha kuhitimu katika fani ya kujificha. Anajua ni shati lipi likilowa jasho litamuumbua, anajua kukunja mikono kifuani bila kuonekana kwamba anaficha kitu, anajua kubeba begi kwa mbele, na mabega yake yamezoea kuinama hata pale ambapo hakuna mtu wa kumtazama. Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe niliisomea fani hiyo tangu nilipobalehe. Nilipopangiwa tarehe ya upasuaji niliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba kisu kitaondoa tezi na papo hapo kitaondoa haja ya kujificha. Kilichokuwa kinanisubiri ni wiki kadhaa ambazo kila hatua yake ilinitaka nifanye lile nililolikwepa maisha yangu yote: kuvua shati mbele ya watu, kujitazama kwenye kioo mchana kweupe, kueleza kinachoendelea kifuani mwangu na kukubali wengine wakiguse. Maelekezo ya hospitali hueleza vizuri habari za vidonda, nyuzi na dawa. Hayasemi kwamba mgonjwa wa aina hii anakuja na mazoea yanayopingana na matibabu yake, na kwamba mazoea hayo yanaweza kumdhuru.

Nianze na kile kinachoondolewa, maana bila kukijua huwezi kuelewa kinachopona. Kila mwanaume ana tezi ndogo za maziwa nyuma ya chuchu, ambazo kwa kawaida hulala tu bila kukua. Uwiano wa homoni ukiyumba, yaani nguvu ya estrojeni, homoni ya kike, ikaizidi ile ya testosteroni, homoni ya kiume, tezi hizo hukua na kuwa bonge gumu linaloshikika chini ya chuchu. Hali hiyo huwapata watoto wachanga wengi kwa muda mfupi kwa sababu ya homoni walizopata kwa mama, huwapata vijana wanaobalehe, ambao wengi wao hupona wenyewe ndani ya miezi 6 hadi miaka 2, na huwapata wanaume wa makamo na wazee ambao testosteroni yao imepungua. Dawa nazo huhusika: spironolaktoni inayotumika kwa wagonjwa wa moyo na ini, risperidoni inayotumika kwa baadhi ya magonjwa ya akili, efavirenzi iliyotumiwa kwa miaka mingi na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na homoni za kujenga misuli ambazo baadhi ya vijana hujidunga kwa siri. Ini lililoharibiwa na pombe huleta matokeo hayo hayo. Ndiyo maana daktari makini hakimbilii kisu. Huuliza kwanza orodha ya dawa, hupima homoni, ini na figo, na hukagua korodani, kwa kuwa uvimbe wa korodani unaweza kuwa ndio chanzo. Wapo pia wanaume ambao kilichojaa kifuani ni mafuta matupu, na hao kupungua uzito huwasaidia kwa kiasi ambacho hakiwezi kumsaidia mwenye tezi.

Mimi nilikuwa na vyote viwili. Mafuta yalinyonywa kwa mrija mwembamba wa chuma uliopitishwa kwenye tundu dogo karibu na kwapa, na tezi ikakatwa kupitia mchano wa nusu mduara uliofuata ukingo wa chini wa ile ngozi nyeusi inayozunguka chuchu, mahali ambapo rangi mbili za ngozi hukutana na kovu hupata pa kujificha. Mchano huo ulielezwa mwaka 1946 na daktari Jerome Webster, na mpaka leo ndio unaotumika zaidi. Upasuaji wenyewe ni wa kale kuliko hapo. Paulus wa Aegina, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 7, aliandika namna ya kuyakata matiti ya mwanaume, na sababu aliyoitoa ni kwamba ulemavu huo humletea mtu fedheha ya kuonekana kama mwanamke, kwa hiyo unastahili kufanyiwa upasuaji. Nilipoisoma sababu hiyo sikuipenda, lakini sikuweza kuikana. Karne 13 zimepita, na bado wengi wetu tunaingia chumba cha upasuaji kwa ajili ya fedheha kuliko kwa ajili ya maumivu.

Unapozinduka kutoka nusu kaputi, unachokihisi kwanza ni kubanwa. Kifua kimefungwa kwa fulana nzito yenye mpira, imevalishwa ukiwa bado umelala, na pumzi ndefu inagota kabla ya kufika mwisho. Maumivu yenyewe, kwa maelezo ya wengi niliozungumza nao na kwa uzoefu wangu, si makali sana. Yanafanana na ya mtu aliyepiga pushapu nyingi mno baada ya miaka mingi ya kutofanya mazoezi, na dawa za kawaida huyatuliza. Kinachosumbua zaidi ni mikono. Kuinua kiwiko juu ya bega, kuvuta mlango mzito, kujisukuma kutoka kitandani, yote hayo hutumia misuli ya kifua, na misuli hiyo hukukumbusha kila mara kwamba ngozi iliyo juu yake imebanduliwa na bado haijashikana tena. Ndiyo sababu ya kuagizwa kulala chali, kichwa na mgongo vikiwa vimeinuliwa kwa mito kwa pembe ya kama nyuzi 30 hadi 45: damu na majimaji hushuka, uvimbe hupungua, na kuamka hakuhitaji nguvu za mikono.

Si kila daktari huweka mirija ya kutolea majimaji. Wangu aliweka, mmoja kila upande, na ninaamini hakuna kitu kilichonifundisha habari za kupona kuliko mirija ile. Kila mmoja ulitoka kwenye ngozi chini ya kwapa na kuishia kwenye chupa laini ya plastiki ambayo hubonyezwa hewa itoke, kisha hufungwa, ili katika kutanuka kwake ivute majimaji yaliyo chini ya ngozi. Asubuhi na jioni kizibo hufunguliwa, yaliyomo humiminwa kwenye kikombe chenye alama za mililita, kiasi huandikwa, kisha chupa hubonyezwa tena mpaka kuta zake zigusane na kizibo hurudishwa kabla hewa haijaingia. Vipande vidogo vya damu iliyoganda huweza kuziba njia, kwa hiyo mtu hulazimika kuushika mrija karibu na ngozi kwa vidole vya mkono mmoja, usivutike, na kuukamua kuelekea kwenye chupa kwa vidole vya mkono wa pili. Jaribu kufanya hivyo chini ya kwapa lako mwenyewe wakati huwezi kuinua kiwiko. Kazi ile inataka mtu mwingine, naye ni lazima akuone kifua kikiwa wazi, kikiwa kimevimba, na rangi yake kati ya zambarau na manjano.

Kwangu mtu huyo alikuwa mdogo wangu. Nilikuwa nimemweleza kabla ya upasuaji, kwa sentensi fupi, naye alinijibu kwa sentensi fupi zaidi, kwamba atakuja. Siku za mwanzo tulifanya kazi ile bila kutazamana usoni. Baadaye ikawa ni hesabu tu. "Kaka, upande wa kulia umeshuka, na rangi imeanza kufifia," alisema siku moja akiwa ameinua kikombe kwenye mwanga wa dirisha, na ndivyo inavyotakiwa kuwa: majimaji huanza yakiwa mekundu kama damu yenyewe, yakawa ya waridi, mwisho yakawa ya manjano maangavu. Madaktari wengi huondoa mrija kiasi kinaposhuka chini ya mililita 30 hivi kwa saa 24. Kuondolewa kwake ni jambo la sekunde chache. Nesi hukata uzi unaoushikilia, hukuambia uvute pumzi, na unahisi kitu kirefu kikiteleza chini ya ngozi kutoka mahali ambapo hukujua kwamba kilifika. Nilisita kuvua shati mbele ya nesi huyo. "Kaka yangu, sisi hapa vifua ndiyo kazi yetu," alisema, naye alikwisha kuanza kufungua zipu ya fulana ya kubana.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwa sababu ndilo jambo zito kuliko yote katika makala haya. Tatizo la mapema linalotokea mara nyingi zaidi baada ya upasuaji huu ni damu kuvia chini ya ngozi, hasa katika saa 24 hadi 48 za kwanza. Mshipa mdogo uliokuwa umeziba unafunguka, pengine kwa sababu shinikizo la damu limepanda, pengine kwa sababu mgonjwa amenyanyua kitu au amekohoa kwa nguvu, na damu inajaa mahali palipokuwa na tezi. Dalili yake hujitenga na uvimbe wa kawaida: huwa ni upande mmoja, hujaa kwa kasi, hukaza mpaka ngozi ing'ae, na maumivu yake hayatulii kwa dawa iliyotuliza jana. Hiyo ni dharura. Mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji, damu hutolewa, mshipa hufungwa, na kwa kawaida matokeo ya mwisho hayaharibiki ikiwa amefika mapema. Akichelewa, ngozi na chuchu hukosa damu ya kutosha na zinaweza kufa.

Sasa mfikirie mwanaume aliyeaga kazini kwamba anasafiri, aliyewaambia nyumbani kwamba ni uvimbe mdogo tu umeondolewa, na ambaye usiku huo amelala peke yake kwa sababu hakutaka mtu yeyote ajue. Upande wake wa kushoto unajaa saa nane ya usiku. Dawa ya usingizi bado imo mwilini, hawezi kuendesha gari, na hana wa kumwambia "hebu nitazame, hivi ndivyo ilivyokuwa jioni?" Kwa mtu huyo, siri imekuwa hatari ya kitabibu, sawa na sigara au shinikizo la damu lisilotibiwa, na nadhani madaktari wangepaswa kuiuliza kabla ya upasuaji kwa uzito ule ule wanaoulizia sigara. Kuulizia sigara wanaulizia sana, na wana haki: nikotini husinyaza mishipa midogo inayolisha chuchu, na mvutaji hutakiwa kuacha wiki kadhaa kabla na baada. Aspirini, na dawa nyingine za maumivu zinazozuia damu kuganda, nazo husimamishwa mapema kwa agizo la daktari. Swali la nani atakuwa nawe usiku wa kwanza huulizwa kwa haraka mlangoni, na ni rahisi kulijibu kwa uongo.

Madhara mengine ya siri hayana kelele. Mtu aliyeaga kwa siku chache atarudi kazini akiwa bado hajaweza kunyanyua, na kwa kuwa hakuna anayejua, ataombwa asaidie kusogeza meza naye ataisogeza. Kazi ya mezani mtu anaweza kuirudia baada ya wiki moja hivi, lakini mizigo na kazi za nguvu husubiri wiki 4 hadi 6. Mwenye siri huvaa shati pana juu ya fulana ya kubana, akatoka jasho, kisha akaivua mchana kwa sababu imeonekana kwenye ukosi. Homa ikipanda kupita nyuzi 38, ngozi ikawa nyekundu na ya moto, au kidonda kikatoa usaha, hungoja ipite. Mimi ofisini nilisema kwamba nimefanyiwa upasuaji wa kifua, kwamba nimekatazwa kunyanyua vitu, na kwamba ninaendelea vizuri. Hakuna aliyeuliza zaidi. Sentensi hiyo ilikuwa ya kweli tangu mwanzo hadi mwisho, na haikunilazimisha kufafanua lolote nisilotaka. Ninaipendekeza kwa yeyote anayetafuta namna ya kusema.

Fulana ya kubana inastahili aya yake. Huvaliwa usiku na mchana kwa wiki 4 hadi 6 kwa wengi, ikitolewa tu wakati wa kuoga na kuifua, na kazi yake ni kuilazimisha ngozi ilale juu ya misuli pasibaki nafasi ya majimaji kukusanyika. Kuivaa kuna utaratibu: unaifunga kulabu za ndani kwanza, kuanzia chini kwenda juu, unahakikisha hakuna mkunjo unaopita juu ya chuchu, ndipo unapandisha zipu. Mkunjo mmoja uliosahaulika usiku kucha huchora mtaro kwenye ngozi iliyovimba, na mtaro huo huchukua siku kadhaa kuondoka. Chini ya kwapa pindo lake huchubua. Kitambaa laini cha pamba kilichokunjwa hapo huokoa mengi. Ni vema kuwa nazo mbili, moja ikikauka nyingine iko mwilini. Jambo lisilotarajiwa ni kwamba ukifika wakati wa kuiacha, wengi hawataki kuiacha. Nguo inayobana kifua ndiyo iliyokuwa kinga yetu ya zamani, wengine tuliivaa miaka mingi kabla ya daktari yeyote kutuandikia, na mwili unaikumbuka. Nililazimika kuipunguza kwa saa chache kila siku, mpaka nikaweza kukaa na shati tupu bila kuhisi kwamba nimetoka bila kuvaa.

Kisha kuna kioo. Tezi imeondolewa, lakini mahali pake panajaa uvimbe, na kwa wiki za mwanzo kifua kinaweza kuonekana karibu sawa na kilivyokuwa. Michubuko hushuka kwa uzito wake, ikatokea tumboni na ubavuni, mahali ambapo hapakuguswa. Chuchu huonekana zimeingia ndani au zimekunjamana. Upande mmoja hupungua kabla ya mwingine, na katika hali hiyo mgonjwa anayesimama mbele ya kioo kila asubuhi hujihukumu kwa ushahidi wa uongo. Sehemu kubwa ya uvimbe huondoka katika wiki 6 za kwanza. Kilichobaki huenda polepole, na sura ya mwisho huweza kutazamwa kwa haki baada ya miezi 6, pengine mwaka. Kilichonisaidia ni picha ambazo daktari alipiga kabla ya upasuaji, ambazo siku ile nilizichukia kuliko sindano yoyote. Niliomba nakala. Kumbukumbu yangu ya kifua changu cha zamani haikuwa ya kuaminika, kwa sababu nilikuwa nimeepuka kukitazama. Picha ndiyo pekee iliyoweza kushuhudia kwamba kilichokuwa mbele yangu, pamoja na uvimbe wake, ni kitu kingine.

Upande wangu wa kushoto ulikusanya majimaji baada ya mirija kuondolewa. Nilipobonyeza kwa kidole niliona wimbi dogo likipita chini ya ngozi, na nilirudi kliniki, ambako daktari aliyavuta kwa sindano. Sikuhisi kitu, kwa kuwa sehemu ile ilikuwa bado na ganzi. Ilibidi arudie mara moja zaidi, kisha yakaisha. Hutokea mara nyingi, hasa tezi iliyoondolewa ikiwa kubwa, na mara nyingi mwili huyanyonya wenyewe yakiwa machache.

Baada ya hapo kikaja kipindi cha ugumu. Kati ya wiki ya pili na mwezi wa tatu, chini ya chuchu hujitokeza bonge gumu ambalo humtia mtu hofu kwamba tezi imerudi. Ni kovu la ndani. Nyuzinyuzi za kolajeni, protini inayojenga kovu, hutandazwa kwa haraka na bila mpangilio mahali palipokatwa, kisha mwili huchukua miezi kuzipanga upya na kuzilainisha. Daktari akiruhusu, mtu hulisugua bonge hilo kwa vidole viwili, kwa duara ndogo ndogo, mara kadhaa kwa siku. Sikuwahi kukigusa kifua changu kwa makusudi kabla ya hapo, isipokuwa kukipima kwa chuki. Kukisugua kila siku, dakika chache, kwa nia ya kukisaidia, kulikuwa kugumu kuliko maumivu ya usiku wa kwanza, na ninashangaa kwamba hakuna aliyenionya.

Ganzi nayo ina safari yake. Mishipa midogo ya fahamu inayoelekea kwenye chuchu hukatwa au kuvutwa wakati wa upasuaji, na inapoanza kuota tena hutoa ishara zisizo na adabu: mwasho ambao kukuna hakuufikii, mchomo wa ghafla kama wa umeme, wakati mwingine shati jepesi likahisiwa kuwa ni msasa. Kwa wengi hisia hurudi ndani ya miezi michache hadi mwaka. Kwa wachache hubaki pungufu. Katika kipindi hicho ngozi haijui moto, kwa hiyo chupa ya maji ya moto au kitambaa chenye barafu kisiwekwe juu yake, maana mtu anaweza kuungua au kugandishwa bila kuhisi.

Mabega ndiyo yaliyochukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Mwanaume anayeficha kifua huinama mbele, na kwa miaka misuli ya kifua hufupika huku ile ya mgongo ikilegea. Upasuaji humwongezea sababu: kidonda kinavuta, fulana inabana, na mwili hujikunja ili kukilinda kifua. Kwa hiyo kwa wiki za mwanzo husimama vile vile alivyosimama zamani, na watu wanaomjua hawaoni tofauti yoyote. Mtaalamu wa tiba ya viungo alinipa mazoezi mepesi kwa mpangilio: kwanza kuzungusha mabega nyuma, baadaye kupandisha vidole ukutani hatua kwa hatua mpaka mkono unyooke, na baada ya wiki 6 kusimama kwenye fremu ya mlango na kuegemeza mwili mbele taratibu ili kifua kifunguke. Kutembea huanza mapema zaidi, siku ile ile au inayofuata, kwa kuwa miguu isiyotembea huweza kugandisha damu katika mishipa yake. Pushapu na vyuma huja mwisho, kwa ruhusa, kuanzia uzito mdogo ambao mtu mwenye majivuno ataona haya kuushika.

Kuhusu makovu, wenye ngozi nyeusi tunapaswa kuuliza mapema kuliko wengine. Kifua ni miongoni mwa sehemu ambazo keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, hupenda kuota, na ngozi nyeusi huziota kwa urahisi zaidi. Kwa bahati njema ukingo wa chuchu wenyewe hupona vizuri kwa wengi, lakini matundu ya mirija ubavuni yanahitaji kuangaliwa. Kidonda kikishafunga kabisa, karatasi za silikoni huvaliwa kwa saa nyingi za siku kwa miezi kadhaa, na kovu hukingwa na jua lisije likawa jeusi zaidi ya ngozi inayolizunguka. Kovu likianza kuwasha, kuinuka na kuvuka mipaka ya kidonda, sindano za dawa ya steroidi hufanya kazi vizuri zaidi likiwa changa. Kovu huendelea kubadilika kwa miezi 12 hadi 18; langu la upande mmoja lilikuwa limefifia kabisa wakati la upande mwingine bado lina wekundu.

Tishu iliyokatwa ilipelekwa maabara, kama inavyotakiwa kufanyika. Saratani ya matiti kwa wanaume ni chache, karibu asilimia 1 ya saratani zote za matiti, lakini ipo, na wanaume wenye kromosomu ya X ya ziada wana hatari kubwa zaidi ya kuipata. Majibu yangu yalisema tezi ya kawaida iliyokua. Daktari alinieleza pia kwamba hakuondoa kila kitu: nyuma ya chuchu aliacha bamba jembamba la tishu, kama sentimita moja, kwa sababu chuchu isiyo na kitu nyuma yake huzama na kushikana na misuli, na shimo hilo ni gumu kurekebisha kuliko titi lenyewe. Kilichoachwa kinaweza kukua tena ikiwa dawa iliyosababisha, au homoni za kujidunga, zitarudi. Kushoto kwangu pamebaki chini kidogo kuliko kulia, tofauti ambayo mtu asiyeambiwa hataiona, na daktari alisema angeweza kuirekebisha baada ya mwaka nikitaka. Nimemwambia aiache. Nilichomwomba badala yake ni anishike vidole na kunionyesha tishu aliyoiacha inaanzia wapi na inaishia wapi, ili siku nitakapokuta kitu kigumu pembeni mwa chuchu, au ngozi inayovutwa ndani, au damu kwenye shati, nijue kwamba hakikuwapo na nirudi kliniki bila kungoja miadi.